Kumeza olaparibu ukiwa Kigoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu dawa lengwa ya saratani ya titi na ya ovari

Kwa mgonjwa wa Ujiji, Kasulu au Uvinza, kurudi nyumbani na dawa ya saratani inayomezwa, badala ya kulazwa mbali kwa ajili ya dripu, ni nafuu kubwa. Nafuu hiyo ina sharti lake. Kazi ambayo wodini hufanywa na muuguzi, yaani kupima, kuhesabu vidonge, kuangalia homa na kutambua siku ambayo dozi inapaswa kusimama, sasa inahamia kwako na kwa ndugu wanaokuuguza. Maswali yaliyomo hapa ni yale ninayoulizwa dirishani, nikiwa mfamasia, na wagonjwa waliorejea kutoka Mwanza au Dar es Salaam, na majibu nimeyaandika nikimfikiria mtu ambaye daktari wake wa saratani yuko umbali wa safari ya siku nzima au zaidi. Kwenye boksi jina la dawa huandikwa olaparib, na jina la kibiashara la kampuni iliyoitoa kwanza ni Lynparza. Hapa nitaiita olaparibu.

Olaparibu inafanyaje kazi, na inatofautianaje na kemo?

Kila seli ya mwili ina DNA, yaani nyuzi zinazobeba jeni tunazorithi, na DNA hiyo hupata michaniko kila siku kama wavu wa dagaa. Mvuvi wa Kibirizi anajua kwamba tundu dogo hushonwa palepale ufukweni, lakini wavu ukipasuka upande mzima hutafutwa fundi mwenye ujuzi na subira zaidi. Ndani ya seli, kimeng'enya kiitwacho PARP ni miongoni mwa vinavyoziba matundu madogo, na protini zinazotokana na jeni za BRCA1 na BRCA2 hurekebisha mipasuko mikubwa, ile ambayo nyuzi zote mbili za DNA zimekatika. Mtu aliyezaliwa na hitilafu katika mojawapo ya jeni hizo hubaki na nakala moja nzima kutoka kwa mzazi mwingine, na nakala hiyo huzitosha seli zake za kawaida. Seli ya saratani kwa kawaida imeipoteza hata hiyo. Olaparibu huizuia PARP na kuinasa juu ya DNA, michaniko midogo inageuka kuwa mikubwa, na seli isiyo na fundi wa pili inakufa.

Kemo hushambulia seli zinazogawanyika kwa kasi bila kuuliza hitilafu iko wapi. Olaparibu hutafuta udhaifu mmoja mahususi, ndiyo maana inaitwa dawa lengwa. Hata hivyo neno hilo lisimdanganye mtu akadhani kwamba dawa haigusi kitu kingine, kwa sababu uboho wa mifupa, mahali damu inapotengenezwa, nao huathirika.

Njia ya kuifikia ilikuwa ndefu. Mary-Claire King alionyesha mwaka 1990 kwamba jeni ya saratani ya matiti inayorithiwa ipo kwenye kromosomu ya 17. Mwaka 2005 makundi mawili ya watafiti nchini Uingereza yakaonyesha kwamba seli zisizo na BRCA hufa PARP inapozuiwa. Na mwaka 2014 olaparibu ikaidhinishwa Ulaya na Marekani kwa saratani ya ovari. Kwa saratani ya matiti, Marekani iliidhinisha mwaka 2018.

Je, kila mwenye saratani ya titi au ya ovari anafaa kuitumia?

Hapana, na nasema hivyo mapema kwa sababu nimeona familia ikianza kuuza shamba kabla ya kumuuliza daktari kama dawa yenyewe inamhusu mgonjwa wao.

Kwa saratani ya titi, olaparibu hutolewa kwa mgonjwa aliyerithi hitilafu ya BRCA1 au BRCA2 na ambaye uvimbe wake hauna kwa wingi HER2, yaani protini inayoisukuma saratani ikue. Anaweza kuwa mtu ambaye saratani yake imesambaa, au mtu ambaye imegunduliwa mapema, akafanyiwa upasuaji na kupewa kemo, lakini hatari ya kurudi ni kubwa. Kwa saratani ya ovari, yaani ya vifuko vya mayai, dawa hii hutolewa hasa baada ya kemo yenye platini, kama karboplatini au sisplatini, pale uvimbe unapokuwa umeyeyuka wote au sehemu kubwa. Hapo kazi yake ni kulinda kile ambacho kemo imekipata, na kwa kawaida huanzwa ndani ya wiki 8 baada ya dripu ya mwisho. Mwenye kurudi Kigoma kupumzika baada ya kemo aikumbuke hesabu hiyo ya wiki, kwa kuwa safari, majibu ya vipimo na barua za bima huzimaliza upesi.

Asiyefaa olaparibu hajanyimwa tiba. Mwanamke ambaye saratani yake ya titi inategemea homoni ana tamoksifeni au letrozoli, dawa za kumeza zenye ushahidi wa miaka mingi, na kwake hizo ndizo dawa sahihi. Wapo pia wanaotumia olaparibu pamoja na dawa hizo za homoni kwa maelekezo ya daktari.

Kipimo cha vinasaba ni kipi, na kwa nini daktari ameniuliza habari za shangazi zangu?

Ni kipimo cha damu au mate kinachotafuta hitilafu uliyozaliwa nayo. Kwa saratani ya ovari, wakati mwingine hupimwa pia kipande cha uvimbe wenyewe, kwa sababu hitilafu inaweza kuwa imezuka ndani ya uvimbe tu. Uliza katika kituo chako cha saratani, iwe ni Bugando ya Mwanza au Taasisi ya Saratani Ocean Road ya Dar es Salaam, sampuli inapelekwa wapi, majibu yatachukua muda gani na nani atakusomea.

Daktari anauliza habari za mama, mama wadogo, shangazi, bibi na hata wajomba kwa sababu hitilafu ya BRCA hupita kwa baba sawasawa na kwa mama. Mwanamume anaweza kuibeba bila kuugua, akampa binti yake; na yeye mwenyewe ana hatari iliyoongezeka ya saratani ya tezi dume, na hata ya titi. Kila mtoto wa mwenye hitilafu ana nafasi moja kati ya mbili ya kuirithi. Kwa hiyo familia ambayo dada wawili na shangazi yao wameugua wakiwa bado vijana haijarogwa wala haijalaaniwa. Nasisitiza jambo hili kwa sababu ninajua mashauri yanayokaliwa uani baada ya mazishi ya pili, na ninajua wazee wa kike ambao wamenyooshewa vidole bila kosa. Jibu la maabara linaweza kumwondolea mtu tuhuma, na linaweza kumpa mdogo wako nafasi ya kuchunguzwa kabla hajaugua.

Usilazimishwe kutangaza majibu. Lakini ukipata nguvu, waambie ndugu wa damu, wakiwemo wa kiume.

Vidonge vinamezwaje?

Dozi ya kawaida ni miligramu 300 mara mbili kwa siku, yaani vidonge viwili vya miligramu 150 asubuhi na viwili jioni, vikipishana takribani saa 12. Kwenye bahasha ya dawa utaona tumeandika 2 x 2. Saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni ni nyakati rahisi kukumbuka, ila ukipewa ratiba iliyoandikwa kwa saa za kimataifa, mwombe mfamasia akuandikie kwa saa zetu, kwa sababu nimeshakutana na mgonjwa aliyekuwa akimeza dozi zote mbili mchana. Meza kidonge kizima kwa maji. Usikitafune, usikisage, usikikate. Unaweza kula kwanza au usile.

Kwa siku 30 unahitaji vidonge 120 vya miligramu 150. Vihesabu kabla hujaondoka mjini ulikopewa.

Vipo pia vidonge vya miligramu 100. Hivyo hutumika daktari anapopunguza dozi hadi miligramu 250 au 200 kwa wakati mmoja, kwa mfano kwa sababu ya damu kushuka au figo kuwa dhaifu. Kupunguziwa dozi ni sehemu ya kawaida ya tiba hii na hakumaanishi kwamba umekatiwa tamaa.

Nikisahau dozi, au nikitapika baada ya kumeza?

Subiri dozi inayofuata kwa saa yake. Usimeze mara mbili ili kufidia.

Ninaweza kufunga Ramadhani?

Swali hili huja kila mwaka kutoka Ujiji na linastahili jibu la heshima. Ukimeza wakati wa kufuturu, mnamo saa moja jioni, na tena wakati wa daku, mnamo saa kumi na moja alfajiri, dozi zitapishana saa 10 upande mmoja na saa 14 upande mwingine, ilhali zimepangwa zipishane takribani 12. Jambo linalonipa wasiwasi zaidi ni maji. Mtu anayetapika au kuharisha kwa sababu ya dawa, kisha akakaa tangu alfajiri hadi magharibi bila kunywa, anaziumiza figo zake, na figo ndizo zinazosaidia kuiondoa dawa mwilini. Mgonjwa amepewa ruhusa na dini yake. Ongea na daktari kabla ya mwezi kuandama, na umshirikishe sheikh wako ukitaka, lakini usianze kufunga kimyakimya.

Kichefuchefu kitaniacha?

Kwa wengi hupungua baada ya miezi michache ya mwanzo. Katika jaribio la SOLO-1 la saratani ya ovari, takribani wagonjwa 77 kati ya 100 waliotumia olaparibu walipata kichefuchefu, kwa hiyo usijione dhaifu kuliko wenzako. Omba dawa ya kuzuia kutapika tangu siku ya kwanza, usingoje hadi ushindwe kula. Kula kidogo kidogo mara nyingi. Uji, viazi, ndizi za kuchemsha na samaki wa kuchoma hukubalika kwa wengi kuliko mchuzi mzito wa mawese, ambao harufu yake jikoni pekee yaweza kumwondoa mgonjwa mezani. Ladha nayo hubadilika, na migebuka uliyoipenda inaweza kuonekana chungu kwa muda.

Matunda mawili yaepuke kabisa pamoja na juisi zake: balungi na danzi, yaani lile chungwa chungu. Huzuia mwili usiivunje dawa, na dawa hujaa mwilini kupita kiasi. Chungwa la kawaida halimo katika katazo hilo.

Kwa nini nipimwe damu kila mwezi wakati najisikia vizuri? Je, nikinywa rozela damu haitaongezeka?

Hili ndilo swali ninalolipa uzito kuliko yote. Olaparibu hupunguza uwezo wa uboho kutengeneza chembe nyekundu zinazobeba hewa, chembe nyeupe zinazopambana na maambukizi na chembe sahani zinazozuia kutokwa damu. Katika jaribio nililolitaja, takribani wagonjwa 39 kati ya 100 walipata upungufu wa damu. Upungufu huo huja polepole, mwili ukauzoea, na mgonjwa akaja kugundua siku anaposhindwa kupanda mlima wa Mwanga akiwa na kikapu cha soko. Kwa sababu hiyo damu hupimwa kabla ya kuanza na kila mwezi baada ya hapo, hasa katika mwaka wa kwanza, kwa kipimo kinachohesabu chembe zote. Kupima wingi wa damu peke yake hakutoshi.

Huhitaji kusafiri hadi Mwanza kila mwezi kwa ajili ya kipimo hicho. Kabla ya kuondoka kituo cha saratani, omba barua yenye jina la dawa, dozi, vipimo vinavyotakiwa na namba ya kliniki, kisha panga na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni, au hospitali ya wilaya yako yenye mashine hiyo, siku ya kupima na namna majibu yatakavyomfikia daktari wa saratani. Majibu yakikaa kwenye daftari lako bila kusomwa na anayeijua dawa hii, ni sawa na hukupimwa. Ningependa mgonjwa akose kitu kingine chochote katika orodha hii kuliko kukosa mpango huo.

Kuhusu rozela, matembele, maini na dagaa: ni chakula chema, ule. Vyakula hivyo humsaidia mtu aliyepungukiwa madini ya chuma, lakini hapa shida ni kiwanda chenyewe kupunguza kazi, na malighafi huenda ipo tele. Dawa husimamishwa kwa muda, damu huongezwa hospitalini ikibidi, na tiba huendelea, pengine kwa dozi ndogo.

Kwa wachache sana, kati ya 1 na 2 katika kila 100 kwa jumla ya majaribio mengi, uboho huharibika vibaya zaidi na kuleta saratani ya damu. Hatari ni kubwa zaidi kwa waliopata kemo nyingi miaka iliyotangulia. Damu isiyopanda hata baada ya wiki kadhaa bila dawa ni lazima ichunguzwe kwa sababu hiyo.

Nikipata homa, ninunue dawa ya malaria?

Usinunue kabla ya kupimwa. Kwetu homa huitwa malaria hadi ithibitike vinginevyo, na mara nyingi ni kweli. Lakini kwa anayemeza olaparibu, homa ya nyuzi 38 au zaidi inaweza kuwa dalili ya maambukizi katika mwili usio na chembe nyeupe za kutosha, na maambukizi hayo huua kwa saa chache. Nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, upimwe malaria na damu yote kwa pamoja, na useme mara tu ufikapo mapokezi kwamba uko kwenye dawa ya saratani. Kipimo cha malaria kikionyesha vimelea, dawa mseto itatolewa bila kucheleweshwa, lakini bado chembe nyeupe zihesabiwe, kwa kuwa mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

Dalili nyingine za kuwahi hospitali ni zipi?

Kikohozi kipya kikavu na kubanwa pumzi, ambavyo vyaweza kuwa dalili ya kuvimba kwa mapafu kunakoletwa na dawa, ingawa kifua kikuu nacho lazima kipimwe. Mguu mmoja kuvimba na kuuma, au maumivu ya ghafla ya kifua, ni dalili za damu kuganda; katika safari ndefu ya basi kupitia Kasulu, Kibondo na Nyakanazi, shuka kila linaposimama, tembea na unywe maji. Michubuko bila kugongwa, fizi kutoa damu, choo cheusi.

Ninatumia dawa nyingine. Kuna tatizo?

Huenda likawa kubwa. Rifampisini, iliyomo katika dawa za kifua kikuu, hupunguza olaparibu mwilini kwa takribani asilimia 87, yaani ni kama hujameza. Fenitoini, karbamazepini na fenobabitali za kifafa hufanya jambo linalofanana, na efavirenzi nayo hupunguza. Kwa upande mwingine, klarithromisini, ketokonazoli, itrakonazoli, flukonazoli, siprofloksasini na dawa za virusi vya UKIMWI zenye ritonaviri huipandisha, na dozi hulazimika kushushwa ikiwa haziepukiki. Mchanganyiko wenye dolutegraviri ambao wengi wanautumia sasa hauleti mgongano huo, lakini daktari wa saratani ajue unautumia. Usimfiche hali yako. Siri hiyo inaweza kuiharibu tiba nzima.

Dawa za miti shamba siwezi kukuambia zote zinafanya nini ndani ya ini, wala mganga hawezi. Zilete tuzungumze kabla hujazinywa.

Vipi kuhusu mimba na kunyonyesha?

Dawa hii humdhuru mtoto tumboni. Pima mimba kabla ya kuanza, na uzuie mimba muda wote wa tiba na miezi 6 baada ya kidonge cha mwisho. Kitanzi cha shaba au kondomu vinafaa. Njia za homoni zinaweza kupungua nguvu, na hazimfai mwenye saratani ya titi inayotegemea homoni. Usinyonyeshe wakati wa tiba na kwa mwezi 1 baada yake.

Nitaimeza kwa muda gani, na itaniponya?

Kwa saratani ya titi iliyogunduliwa mapema, muda ni mwaka 1. Kwa saratani ya ovari baada ya kemo ya kwanza, kwa kawaida ni miaka 2 ikiwa hakuna dalili za ugonjwa. Kwa iliyosambaa au iliyorudi, hutumika maadamu inasaidia na mwili unaihimili.

Katika SOLO-1, iliyochapishwa mwaka 2018 ikiwa na wagonjwa 391 wenye hitilafu ya BRCA, takribani asilimia 60 ya waliopewa olaparibu hawakuwa wamerudiwa na ugonjwa wala kufariki baada ya miaka 3, wakati kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa ilikuwa takribani asilimia 27. Katika OlympiA, jaribio la wagonjwa 1,836 wa saratani ya titi ya mapema, waliokuwa hai baada ya miaka 4 walikuwa asilimia 89.8 kwa waliopewa olaparibu, dhidi ya 86.4 kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa. Kwa saratani ya titi iliyokwisha kusambaa, olaparibu huirudisha nyuma kwa miezi kadhaa zaidi ya kemo ya kawaida, haiing'oi. Daktari anayekwambia hivyo anakuheshimu.

Gharama na upatikanaji ukoje?

Ni dawa ghali mno, na familia nyingi haziwezi kuilipa zenyewe. Kabla ya kununua boksi la kwanza, ulizia gharama ya muda wote wa tiba, omba jibu la bima kwa maandishi, na uulize kituo cha saratani kama upo mpango wa kusaidia wagonjwa. Kuanza kwa michango kama ile ya harusi na misiba kisha kukatiza mwezi wa pili kunakuachia deni na kunauacha ugonjwa ulivyokuwa. Ikiwa haiwezekani, mwambie daktari waziwazi ili apange njia nyingine.

Usinunue kwa mtu anayeuza kwa simu au kuleta kwa begi kutoka ng'ambo. Nunua kwenye famasi iliyosajiliwa, na dawa iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Jihadhari pia na kapsuli za miligramu 50 za muundo wa zamani: mwili huzipokea tofauti, na hazibadilishwi na vidonge kwa kulinganisha miligramu.

Niitunze wapi nikiwa nyumbani na safarini?

Haihitaji friji. Iache kwenye pakiti yake ili isipate unyevu, mbali na jua, jiko na watoto. Kwenye treni au basi ibebe mkononi, isiingie buti. Mjamzito asivishike vidonge vilivyovunjika.

Nimeombewa na ninajisikia nimepona. Niache?

Endelea kuomba na uendelee kumeza. Kujisikia vizuri ndilo lengo la dawa ya kulinda, na saratani ya ovari inaporudi huanza kimya, bila maumivu. Ukitaka kuacha kwa sababu yoyote, hata kwa uchovu tu, hiyo ni haki yako. Mpigie daktari wako kwanza, mkubaliane namna ya kuendelea kufuatiliwa.

Vidonge vilivyobaki baada ya mgonjwa kuacha au kufariki vifanywe nini?

Virudisheni famasi ya hospitali. Msimpe mgonjwa mwingine, hata akiwa dada yake, na msivitupe chooni wala ziwani.